Benki Haina Wakwe

Barua ya kwanza ya benki ilipofika kwa wazazi wangu huko Mitunguu, baba alifanya kile ambacho wanaume wa kwetu hufanya jambo likiwa zito. Alichinja mbuzi, akaita wazee. Hakwenda benki, wala hakupiga simu. Mimi nilikuwa Embu, kwenye nyumba ya kupanga mtaa wa Majimbo, na habari za mbuzi zilinifikia kabla ya habari za barua. Baba mdogo alinitumia ujumbe kwamba nyama ilikuwa laini.

Nieleze jambo lenyewe, maana ukoo wangu umelieleza kwa namna nyingi na zote ni za uongo. Kaka yangu mkubwa alitaka lori la kubebea ndizi kwenda Nairobi. Benki ilitaka dhamana. Baba akatoa hati ya shamba alilorithi kwa babu, ekari chache za ndizi zinazonyweshwa kwa maji ya mradi, na upande wa juu wa shamba hilo, karibu na barabara, ndipo palipokuwa na nyumba yetu. Sheria inasema nyumba wanamoishi mume na mke haiwekwi rehani mpaka yule mwingine akubali kwa maandishi. Basi mama akaitwa, akavaa nguo yake ya kanisani, akaenda kutia sahihi. Alitia kwa sababu aliyeomba ni mwanawe. Lori lilifanya kazi mwaka mmoja na kidogo, likapinduka, bima ikawa imekwisha muda wake, na kaka akapotelea Nairobi na namba mpya ya simu.

Nyumba ile ilikuwa ya mama. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa cha baba, lakini ungeuliza mtu yeyote pale sokoni nani aliyeijenga, angekutajia mama. Aliijenga kwa ndizi zake, chumba baada ya chumba, na pesa zilipokosekana alimlipa fundi kwa mikungu. Fundi alipoweka dirisha la jikoni likiwa limepinda, mama alimfanya alitoe aliweke upya, huku mvua ikitishia. Katika miaka yote hiyo baba alichangia maoni. Kwa hiyo ninaposema mali ilikuwa inaelekea kwenye mnada, nina maana ya kazi ya maisha ya mwanamke mmoja.

Sasa, sheria yenyewe si uganga. Ukiacha kulipa, benki inakuandikia kwamba umekosa, inakutajia kiasi, na inakupa muda usiopungua miezi mitatu ulipe au uje mkazungumze. Ukikaa kimya inakuandikia tena kwamba sasa itauza, na hapo una siku arobaini. Zikiisha, kazi anapewa dalali, naye anakuletea notisi yake ya siku arobaini na tano. Katikati anakuja mthamini, anapima, anapiga picha, anaandika bei. Gazeti linatangaza. Halafu mnada. Kabla nyundo ya dalali haijagonga, mali bado unaweza kuikomboa, ikishagonga, imekwenda. Nimeyajua haya kwa kuuliza tu. Niliuliza watu wanaolipwa kujibu, na walinijibu bila kunidai hata soda. Hiyo ndiyo siri kubwa ambayo wanaume wa ukoo wangu hawakuweza kuifikia kwa miezi mingi: kuuliza.

Lakini kwetu mtu hajiendei mwenyewe. Kijana akitaka mke, hasemi yeye. Husema watu wake. Anakaa kimya pembeni akitazama viatu vyake, na mzungumzaji wa ukoo anasimama kueleza kwamba walikuwa wanapita tu, wakasikia kuna mtamba wao aliyepotelea katika boma hili. Wenye boma wanajifanya hawaelewi. Watu wanakula. Hakuna anayetaja bei siku ya kwanza, na ukiambiwa urudi siku nyingine, hiyo ni dalili njema, unapiga hatua. Kisha mahari yenyewe, ile tunayoiita ruracio, haimalizwi kamwe. Mtu anayemaliza kulipa anaonekana anataka kuvunja undugu. Kuna wazee wa miaka themanini wanaodaiwa kondoo na ukoo wa wake zao, na wanalala usingizi wa pono, kwa sababu haijatokea wakwe wakaja kumng'oa bibi jikoni eti mbuzi wawili wamebaki.

Basi wakaichukua benki kwa njia hiyo. Sijui niite nini zaidi ya upumbavu. Waliketi, wakala ile nyama laini, wakachagua ujumbe wa kwenda Meru mjini, wazee watano, na mbele yao wakamweka baba mdogo, ambaye ndiye mzungumzaji wa ukoo. Baba mdogo hajawahi kushindwa kupata msichana kwa ajili ya mtu. Ana kofia ya manyoya na sauti ya mhubiri, na akianza kuzungumza hata wanaomjua husahau kwamba hana anachosema. Walibeba mtungi wa asali na mkungu wa ndizi. Baba alibaki nyumbani. Bwana harusi hazungumzi.

Yaliyotokea huko nilielezwa baadaye na msichana wa benki aliyewapokea, ofisa wa mikopo, kijana aliyetoka magharibi ya nchi, ambaye mpaka leo hajui alishiriki katika posa. Askari wa mlangoni aliuzuia mtungi wa asali. Mkungu wa ndizi ulipita. Baba mdogo alivua kofia, akasimama katikati ya ofisi, akasema wao ni watu wa bondeni, wamesikia kuna ng'ombe wao ameingia katika boma hili, na hawakuja kwa ubaya.

"Ng'ombe?" msichana akauliza. "Mzee, hii loan si ilikuwa ya lori?"

Wazee wakacheka. Walifikiri ni mjuzi, anajibu kama wenye boma wanavyojibu. Baba mdogo akaendelea na mafumbo yake, msichana akasubiri kwa adabu, na alipomaliza akauliza ni nani kati yao mwenye akaunti. Hakuna.

"Basi wazee wangu, mimi siwezi discuss akaunti ya mtu na nyinyi. Mwambieni mwenye taito akuje yeye mwenyewe. Ama yule mama alisaini consent, hata yeye anaweza kuja. Mkuje tu, tutaongea."

Akawapa kalenda ya benki kila mmoja, akawasindikiza mpaka mlangoni. Wazee watano walirudi Mitunguu wakiwa na furaha ya kweli. Wamepokewa. Wamecheka pamoja na wenye boma. Wamepewa zawadi. Na juu ya yote wameambiwa warudi. Baba mdogo alimpigia kila mtu simu, hata mimi.

"Hao ni watu wazuri," aliniambia. "Tumeanza vizuri sana."

"Mliongea juu ya deni?"

"Siku ya kwanza? Wewe mtoto, kwani ulilelewa wapi?"

Kalenda ikatundikwa sebuleni, na miezi mitatu ikaisha chini yake. Barua ya pili ilipokuja, walituma ujumbe mkubwa zaidi. Safari hii walimwongeza mchungaji. Waliambiwa neno lile lile, kwamba mwenye hati aje, na walipewa maji ya chupa. Ripoti iliyotufikia ilikuwa kwamba safari ya pili walipewa maji. Nilikaa kitandani kwangu Majimbo na simu mkononi nikijiuliza kama watu hawa wamewahi kununua hata kilo ya sukari bila mshenga.

Aliyenitoa Embu ni mama. Barua ile ya pili ilikuja nakala mbili, moja ya baba na moja ya kwake, kwa sababu yeye ndiye mke aliyekubali rehani na sheria inataka naye aarifiwe. Alinipigia akaniambia taratibu kwamba kuna barua imekuja kwa jina lake lote, yale matatu, na inasema nyumba itauzwa. Hakulia. Aliuliza kama wanaweza kuuza nyumba peke yake waache shamba, au shamba peke yake waache nyumba. Nikamwambia hati ni moja, wakiuza wanauza vyote. Akasema anakwenda kukama. Nilipanda gari la Mitunguu kesho yake asubuhi.

Nilikuta kikao. Nilijaribu kusema, na baba mdogo akanikatiza kwa upole ule wake unaoudhi kuliko matusi.

"Wewe ni msichana wa kuondoka. Mambo ya shamba usiyaingilie."

Nina zaidi ya miaka arobaini, sijaolewa popote, na kama ningekuwa wa kuondoka ningekuwa nimeondoka. Lakini hesabu yao ndiyo hiyo. Nilimtazama baba. Alikuwa ameketi pembeni anatazama viatu vyake, bwana harusi kamili, mwenye mvi.

Kisha akaja dalali. Alikuja kuleta notisi yake, mtu mnene mwenye viatu vilivyochongoka na simu mbili, amezoea kufukuzwa kwa mapanga na mbwa. Kwetu alikaribishwa. Baba mdogo aliposikia kwamba wenye boma wametuma mtu wao, alisisimka. Kwa mila hiyo ilikuwa heshima kubwa, upande wa pili umekuja kuona kwenu. Kuku akachinjwa. Mama aliagizwa apike, akapika kuku na mukimo wa viazi vya kupondwa, kwa ajili ya mtu aliyekuja kumtoa katika jiko hilo hilo. Dalali alikula akashiba, akafuta mikono, akamwomba baba atie sahihi kwamba amepokea. Baba akatia, bila swali. Dalali aliponipita mlangoni alininong'oneza.

"Sista, hawa wazee wako sawa kweli? Mimi nauza hii nyumba, wajue."

Nilitamani kumkumbatia. Ndiye mtu wa kwanza aliyesema kweli katika ua ule tangu barua ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata nilimchukua mama tukaenda benki, sisi wawili. Hatukubeba asali. Msichana yule alipoona kitambulisho cha mama alisimama, akavuta kiti, akasema, "Mama, tumewangoja sana." Mama akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mimi natafuta nyumba yangu. Niambie njia." Kwa kweli nilimwonea fahari. Katika nusu asubuhi mwanamke huyu wa darasa la saba alifika mahali ambapo jumbe mbili za wazee na mchungaji hazikufika, na njia yake ilikuwa kusema anachotaka.

Njia ilikuwepo. Benki haitaki nyumba, msichana alieleza, benki inataka pesa yake, na mnada hata wao hawaupendi kwa sababu bei ya mnada ni bei ya haraka. Mwenye shamba mwenyewe anaweza kutafuta mnunuzi, benki ikikubali. Anaweza hata kuuza kipande. Wakikata upande wa chini, ule wa ndizi, wakauuza kwa bei ya soko, deni linaisha, na upande wa juu unabaki na nyumba yake. Kukata shamba kuna safari zake, mpimaji na bodi ya ardhi, lakini wakileta makubaliano yaliyotiwa sahihi na mnunuzi ameweka amana, benki itamwambia dalali asimame.

"Kusaini ni mimi?" mama akauliza.

"Wewe utasaini kukubali, mama. Lakini taito ni ya mzee. Lazima mzee asaini."

Mnunuzi hakutafutwa mbali. Jirani yetu wa upande wa chini, mwanamke mjane anayenunua ndizi kwa jumla, alikuwa akiutamani upande ule kwa miaka. Alikuwa na pesa, na alitaja bei ya haki bila kutumia shida yetu. Wakili wa Nkubu akaandika makubaliano. Mama akatia sahihi, mjane akatia sahihi. Ikabaki moja. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, nami niliteremka kwa baba na karatasi zile nikidhani kazi imekwisha.

Alikuwa shambani akikata majani makavu ya migomba. Nilimweleza. Akaendelea kukata. Nikamweleza tena, polepole, kama unavyomweleza mtu asiyesikia vizuri, barua ya kwanza maana yake nini, ya pili nini, siku za dalali zinaisha lini, nyundo ikigonga kinatokea nini. Niliporudia mara ya tatu alipangusa panga kwa jani, akanitazama.

"Unafikiri baba yako hajui kusoma?"

Kisha akanihesabia yote. Miezi mitatu, siku arobaini, siku arobaini na tano, mthamini, gazeti, nyundo. Alijua hata kwamba mjane amekubali na ni kwa bei gani. Alijua kila kitu tangu siku ya mbuzi.

"Kama unajua, mbona ulikuwa unawatuma hao wazee?"

"Ili ionekane nilijaribu."

Yeye akaendelea, bila hasira, akieleza jambo ambalo kwake lilikuwa wazi.

"Benki ikiuza, nimenyang'anywa. Nikiweka sahihi hapa, mimi ndiye niliyeuza shamba la baba yangu. Umewahi kusikia mtu anavyosemwa akiuza shamba la baba yake? Kaburi lake liko hapa."

"Kaburi liko kule juu, baba. Kule juu kunabaki. Nyumba inabaki. Mama anabaki."

"Watu hawaangalii juu wala chini. Watasema aliuza."

Nimesikia watu wakisema kwamba wazazi wetu wanapoteza mali kwa kutojua. Wanaandaa semina, wanachapisha vijitabu, wanakuja na vipaza sauti kueleza haki za mwenye nyumba. Vizuri. Lakini babangu alikuwa anajua, na alikuwa amepiga hesabu yake, na katika hesabu ile nyumba ya mama ilikuwa nauli ya yeye kufika mwisho akiwa hana lawama. Ujumbe wa wazee haukuwa ujinga wake. Ujinga ulikuwa wa wazee. Yeye aliutumia tu. Nilimdharau siku hiyo, nikiwa nimesimama kati ya migomba na kalamu mkononi, na sijamaliza kumdharau.

Mama alijaribu pia. Alimwomba, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alimpikia, akangoja ale, akaweka karatasi mezani, akamwambia, "Mzee, niwekee sahihi, nitasema ni mimi niliyekulazimisha. Waniseme vibaya mimi." Baba akainuka akaenda kutazama ng'ombe. Karatasi zilikaa pale mezani mpaka siku za dalali zikaisha.

Mnada ulifanyika Meru mjini, mbele ya jengo moja karibu na stendi, mchana kweupe, watu wakipita na mifuko yao ya sukumawiki. Jirani zetu hawakuja kununua. Kwetu kununua boma la jirani kwenye mnada ni kujitafutia laana. Mjane hakuja pia, alisema pesa yake ni ya kununua kwa mtu, si kwa nyundo. Waliokuja ni wageni wanaofuata minada kutoka mji hadi mji. Na wazee wetu walikuja, wote, na makoti yao. Dalali alipotaja namba ya shamba letu, baba mdogo alivua kofia na kusonga mbele.

"Sisi ni watu wa heshima," akaanza, "na tumekuja hapa..."

"Mzee, una bid?" dalali akamuuliza.

"Nina neno."

"Hapa hatuuzi maneno. Sogea."

Akasogea. Mtu aliyevaa miwani ya jua alitaja bei, mwingine akaongeza kidogo, wa miwani akaongeza tena, nyundo ikagonga. Ilichukua muda mfupi kuliko sala ya baba mdogo ya kubariki chai. Deni likalipwa, dalali akakata chake, mawakili wakakata chao, na kilichobaki kilitosha kununua ng'ombe wawili, kama si wa maziwa.

Mnunuzi alikuwa muungwana kiasi, akatupa wiki chache za kuhama. Hapo ndipo watu walipoanza kuja kutoa pole. Walikuja kama wanavyokuja kwenye matanga, akina mama na sukari na unga, wanaume mikono mitupu. Viti vililetwa kutoka kanisani. Baba aliwekewa kiti chenye mikono katikati ya ua, na kila aliyefika alimwendea yeye, akamshika mkono kwa mikono miwili, akatikisa kichwa. "Wamekunyang'anya, mzee." "Mungu anaona." "Benki ni wezi." Baba aliitikia kwa sauti ya chini. Nami nikaona usoni mwake kitu ambacho kilinichafua roho: alikuwa ametulia. Alikuwa amepata alichonunua.

Mchungaji aliomba. Baba mdogo akasimama kutoa shukrani kwa niaba ya ukoo. Alisimulia safari zile mbili za benki, jinsi walivyopokewa, jinsi mazungumzo yalivyokuwa yamefika pazuri. Halafu akashusha sauti. Alisema kwa masikitiko kwamba kuna mambo huharibika wanawake wakipita nyuma ya wazee na kwenda kusema kwa pupa mahali ambapo wazee walikuwa wakisema kwa hekima. Watu wakaguna. Wengine wakanitazama mimi.

Mama alikuwa jikoni akichemsha chai ya wageni. Alisikia, maana lile dirisha lilitazama ua. Alitoka bila birika. Alichukua kiti kimoja cha kanisa, akakivuta mpaka kando ya kiti cha baba, akaketi, akalaza mikono mapajani.

"Sukari hii mmemletea nani?" akauliza.

Mama mmoja wa kanisani akasema, "Ni ya pole, mama. Ya mzee."

"Mzee hajanyang'anywa," mama akasema. Hakupaza sauti. "Mzee aliletewa karatasi ya kuuza kule chini, deni liishe, tubaki na huku juu. Mimi niliweka sahihi. Mnunuzi aliweka sahihi. Mzee alikataa. Mnunuzi ni huyu hapa, muulizeni."

Mjane alikuwa safu ya nyuma. Macho yote yakamgeukia. Akasimama, akasema, "Ni kweli. Pesa ilikuwa tayari. Tulimngoja."

Nilisikia mtu akisema "kumbe," na mwingine akarudia, na ikazunguka ua wote, kumbe, kumbe, kwa sauti za chini. Baba mdogo alikuwa bado amesimama na kofia mkononi. Baba hakuinua macho. Angeweza kusema neno, nilimngojea aseme, hata kama ni uongo. Hakusema.

"Nyumba ilikuwa yangu," mama akasema. "Nipeni pole mimi."

Akanyoosha mkono. Nikaogopa kwamba wangemwacha pale na mkono wake hewani. Kisha mjane akaja, akamshika. Akafuata yule mama wa kanisani, akiwa analia. Wakaja wanawake wote, mmoja baada ya mwingine, na baada yao wanaume wakaanza kuinuka, kwa aibu, kwa sababu kukaa kungekuwa aibu kubwa zaidi. Mchungaji alipanga foleni kama wengine. Baba mdogo alifika mwisho. Alivuta pumzi, akafungua kinywa.

"Wewe usiseme kitu," mama akamwambia. "Toa mkono tu."

Akatoa. Baba aliketi pale pale kando yake, mikono juu ya magoti, na watu wakampita.